Msalaba Mkononi mwa Mbunge

Piekary, 27 Juni

...na treni ikaondoka kabla sijamaliza, Mjomba, nikabaki napungia mkono behewa la mizigo kama mwehu! Nilikuwa nakujibu kwamba hapana, silali njaa huku, na hapana, hawanionei. Wananitania tu. Mama mkwe ananiita "gorolka wetu", lile jina lao la kutudhihaki sisi wa ng'ambo ya mto, lakini analisema huku ananiongezea nyama sahanini, sasa nitakasirika vipi?

Salamu kwanza. Achim anakusalimu sana. Mama mkwe, Mama Hilda, anakusalimu na anasema koti lako lilikuwa na kifungo kinachoning'inia siku nzima ya harusi na roho ilimuuma. Mimi ni mzima. Mzima mno! Wiki mbili nimeolewa na bado nikiamka nahesabu vidole vyangu kuhakikisha ni mimi. Mjomba, Achim anapasha soksi zangu moto juu ya birika. Mwezi wa sita! Nikamwambia, "Wewe, nje kuna jua." Akasema, "Nafanya mazoezi ya baridi." Fundi wa tramu, mikono imejaa grisi, na maneno kama hayo! Jana kaniletea cheri kwenye kofia yake ya kazi, kofia ikaharibika, yeye anacheka. Najua unakunja uso ukisoma haya. Kunja tu.

Sasa habari kubwa: filamu ya harusi imefika! Bwana Teodor ameitengeneza vizuri ajabu, nakala mbili, moja yetu na moja ya Mama Hilda. Tumeitazama mara tatu. Na kila mara nalia palepale, sebuleni kwako, kabla hatujaenda kanisani, tulipopiga magoti kwenye mto mweupe ili tubarikiwe. Uliniahidi maneno mazuri tu, bila msalaba, na mimi nilikubali, kweli nilikubali. Halafu nikapiga magoti, nikaona pale pembeni yako nafasi ambayo mama angesimama, nikashindwa. Nikasema, "Mjomba, siinuki mpaka unibariki kama mama angefanya." Mama Hilda naye, haraka hiyo, akakutia msalaba mkononi. Mkono wako ulitetemeka, Mjomba. Lakini ulituchora msalaba kwenye paji la uso, mimi kisha Achim, ukatunyunyizia maji ya baraka. Halafu ukamgeukia Teodor: "Zima hiyo. Wenzangu chamani wakiniona hivi, ndio basi." Watu wote wakaangua kicheko! Teodor hakuzima, alidhani ni utani.

Ni sekunde arobaini tu, lakini kwangu ndiyo harusi nzima.

Utakuwa wa kwanza tena kwenye orodha ya wagombea, sivyo? Andika upesi.

Bogna wako


Warszawa, hosteli ya wabunge, 9 Julai

Kichura wangu,

Barua yako nimeisoma kwenye kikao cha kamati ya nishati, nimeificha ndani ya ripoti. Mwenyekiti alidhani nimeguswa na bei ya makaa ya mawe.

Mimi mzima, magoti si mazima. Mwambie Achim namsalimu na kwamba kofia ya kazi ni mali ya umma. Mama mkwe mwambie kifungo nimekishona mwenyewe, kwa waya. Fundi umeme nitakufa fundi umeme.

Umeuliza orodha. Itaamuliwa katikati ya Agosti. Miaka yote nimekuwa namba moja wa mkoa wetu, na unajua wapiga kura walivyo: wengi hutia alama kwenye jina la kwanza wanaloliona na kurudi nyumbani kula. Safari hii Klara, mwenzangu chamani, anaitaka nafasi hiyo. Ni mwanamke hodari, ana miaka thelathini na tisa, anavaa viatu vya bei na hajawahi kurushiwa yai. Mimi nimerushiwa. Unakumbuka nilivyorudi na koti lile lililojaa mayai baada ya kupiga kura mgodi wetu ufungwe, mgodi niliouingia nikiwa na miaka kumi na nane. Nimeitwa mabaki ya utawala wa zamani na watu walioingia chama cha utawala huo kabla yangu. Yote nimeyazoea.

Lakini ile hotuba ya ukuta ndiyo imenibeba, na ndiyo nitakayozikwa nayo. Nilisema bungeni kwamba ukuta wa ofisi ya serikali ni wa kila raia, kwa hiyo usitundikwe msalaba. Kwa maneno hayo padri alikataa kunipa mkono kwenye maziko ya mama yako, mbele yako, ukiwa na miaka tisa. Kwa maneno hayo pia watu ambao hawajawahi kusikilizwa na mtu walinipigia kura. Wananiamini kwa jambo moja hilo. Mengine wanavumilia.

Kwa hiyo nakuomba kitu. Hiyo diski itie kabatini, chini ya vitambaa vya meza, na ikae huko mpaka uchaguzi upite. Zote mbili. Sioni aibu, Bogna. Niliyofanya pale nilimfanyia dada yangu, ambaye nilibishana naye maisha yake yote na hakunishinda hata mara moja mpaka siku ile. Ila mambo hayo huwezi kumweleza mtu kwenye kamati.

Mle vizuri. Mcheke.

Mjomba Seweryn


Piekary, 28 Julai

Mjomba wangu mpenzi,

Nisamehe kuchelewa! Barua yako imetukosa. Tulikuwa milimani, Wisła, siku kumi na mbili, Achim aliomba likizo bila kuniambia akanitangazia asubuhi na mabegi yako mlangoni. Mvua ilinyesha siku kumi. Tulicheza karata, tukala jibini la moshi, na siku moja ya jua tukapanda mpaka juu kabisa, akalipigia kelele bondeni jina langu jipya, lenye jina lake la ukoo. Mjomba, sikujua kwamba mtu anaweza kuona haya kwa furaha.

Tumerudi Jumapili, tarehe ishirini na nne. Barua yako ilikuwa kwenye sanduku, imelowa pembeni. Siku moja kabla, Jumamosi, Mama Hilda alikuwa ametimiza miaka sitini. Huku hawajali siku ya jina, sikukuu ya mtakatifu wa jina lako, kama sisi, wanasherehekea kuzaliwa tu, wanasema jina hata ng'ombe analo. Wanawake wote wa kikundi chake cha rozari walikuja, na keki zilibaki nyingi.

Diski yetu iko kabatini chini ya vitambaa vya meza, kama ulivyosema.

Hali ya hewa sasa ni nzuri. Achim anapaka rangi jikoni. Tumechagua rangi ya njano, halafu ikatoka ya machungwa, tumecheka. Sina mengi leo. Kula, Mjomba, usinywe kahawa tu.

Bogna


Warszawa, 9 Agosti

Kichura,

Umeona, bila shaka. Kama hujaona, mmebarikiwa kweli.

Jumamosi gazeti lilitoa picha: mimi, msalaba, paji lako la uso. Uso wako wameufunika, angalau hilo. Jumapili televisheni ikaionyesha filamu yenyewe. Sekunde arobaini. Wameirudia ile sentensi yangu mara nyingi mpaka hata mimi nimeanza kuichukia sauti hiyo: "Wenzangu chamani wakiniona hivi, ndio basi." Bila kicheko. Kicheko wamekikata. Ukikata kicheko, nimebaki mtu anayeficha kitu.

Jana kwenye korido mbunge mmoja wa upande wa pili, wale wa kanisa, mnene, unamwona kwenye runinga, alipanua mikono: "Ndugu yetu! Karibu nyumbani! Tukuwekee kiti mbele au nyuma, karibu na mlango?" Watu wakacheka. Nikamwambia aangalie kiti chake kwanza maana kimeshachoka kumbeba. Wakacheka tena. Kwa dakika moja nilijiona niko sawa.

Halafu akaja Klara, akafunga mlango. Hakufurahi, nataka ujue hilo. Alikuwa amelia.

"Seweryn, mzee wangu, ulikuwa umelewa?"

"Saa nne asubuhi? Hata sijanywa chai."

"Ungekuwa umelewa ningekutetea. Mlevi watu wanamsamehe. Wewe ulikuwa na akili zako zote!"

"Ndiyo."

"Basi kuna mtu alikulazimisha. Sema nani. Bibi harusi? Sema tu alikuomba, alilia, yatakwisha."

"Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka."

"Mungu wangu," akasema, na hiyo kwa mtu wa chama chetu ni kauli nzito.

Simu imejaa watu wa pande zote mbili. Bibi mmoja wa Będzin, ambaye mwanawe alifukuzwa shule kwa kukataa kusali, amenipigia akasema neno moja tu, "Kumbe." Akakata. Wengine wote nimewajibu.

Kamati inakaa tarehe kumi na tano. Wewe usifanye lolote. Usizungumze na mwandishi hata akija na maua. Nimezima simu, ndiyo maana naandika.

Mjomba


Piekary, 13 Agosti

Mjomba! Mjomba wangu!

Barua yako imefika leo, Jumamosi. Nimepiga simu yako mara ishirini na inanijibu sauti ya mwanamke wa kampuni, nimemchukia kama jirani mbaya.

Kwa nini ulisema hakuna? Mimi nilikuomba! Mimi nilisema siinuki! Kila mtu sebuleni alisikia. Nitakuja Warszawa, nitasimama mbele ya kamati yako na gauni lenyewe ikibidi, nitawaambia alinibariki kwa sababu nilimng'ang'ania, kwa sababu sina mama. Watu wana mioyo, Mjomba, hata kwenye kamati. Nijibu tu ni jengo gani, ni saa ngapi.

Achim anasema nikisimama mbele ya waandishi wataniuliza kila kitu. Sijui wataniuliza nini. Anasema nifikirie. Anasema wapiga filamu za harusi siku hizi wanauza chochote, na kwamba Bwana Teodor kanunua gari jipya. Sijui. Mimi simjui vizuri Bwana Teodor.

Mama Hilda kila asubuhi anakwenda kanisani kukuwashia mshumaa. Jana nilimkuta ameketi jikoni na aproni kichwani, kabisa, ameufunika uso. Nikamuuliza, "Mama, unaumwa?" Akasema, "Kitunguu." Hapakuwa na kitunguu.

Achim ni mwema. Nataka ujue kwamba ni mwema. Ananishika mkono usiku na mchana na wala haniulizi nitafanya nini. Sikujua kwamba unaweza kumpenda mtu hivi na wakati huohuo ukatamani usingezaliwa karibu naye. Usiisome sentensi hiyo.

Nijibu kwa telegramu. Telegramu bado zipo?

Bogna


Warszawa, 22 Agosti

Bogna wangu,

Barua yako imefika tarehe kumi na saba. Kikao kilikuwa tarehe kumi na tano, na hiyo ni sikukuu ya Mama Maria kupalizwa, nchi nzima imefunga, posta imefunga, maduka yamefunga, chama chetu peke yake kikakaa kikao ili kuonyesha kwamba hakijali. Kwa hiyo hata kama ungekimbia usingefika. Usijilaumu kwa hilo.

Na ungefika, nisingekuruhusu uingie. Ungewaambia nini? Kwamba msichana alipiga magoti na mzee akashindwa? Wangekupapasa bega, halafu kesho yake picha yako ingekuwa wazi gazetini, na mwaka mzima watu wa Piekary wangekuwa wanakuonyesha kidole sokoni. Mimi nina koti la mayai. Wewe huna.

Matokeo: walinitoa namba moja, wakanipa namba ya mwisho, ishirini na nne. Wakaniambia ni heshima, kwamba wazee huwekwa mwisho kama muhuri. Nikafikiri siku moja. Nikamfikiria yule bibi wa Będzin akiisoma orodha yote, jina kwa jina, mpaka chini kabisa, akinikuta. Nikaomba wafute jina langu. Wakafuta upesi mno, hata kalamu haikutafutwa, ilikuwa tayari mezani.

Klara ndiye namba moja. Mpigie kura. Atafanya kazi.

Bwana Teodor msimguse. Si yeye. Amenipigia mara mbili, analia, anasema jina lake limeharibika na watu wawili wameshafuta harusi zao kwake. Nimemwandikia barua ya kumsafisha, aitundike dukani. Mwandishi mmoja wa televisheni, kijana mstaarabu, aliniletea nakala nzima kama walivyoipata wao. Nimeitazama peke yangu mwanzo hadi mwisho, saa tatu nzima. Inaanza na waridi na maandishi ya dhahabu. Ni harusi nzuri, Bogna. Achim anacheza vibaya lakini anakuangalia vizuri.

Nahamisha vitu vyangu kutoka hapa. Narudi Sosnowiec mwisho wa mwezi, nyumbani. Huna haja ya kuja. Najua kazi ya kupaka rangi jikoni ni kubwa.

Mjomba wako, raia wa kawaida


Piekary, 14 Septemba

Mjomba,

Nimeandika barua hii mara sita. Tano zilikuwa na salamu ndefu. Hii nayo itakuwa nazo, maana sijui kuanza vingine: Achim mzima, mimi mzima, jiko limekwisha, ni la machungwa.

Wewe umerudi Sosnowiec wiki mbili sasa. Ni basi moja na tramu moja. Kila siku natoka kazini dukani saa tisa, nakwenda kituoni, naliangalia basi linakuja, linafungua mlango, linafunga.

Maandishi ya dhahabu yanasema, "Kwa Mama Hildegarda, kutoka kwa watoto wake Bogna na Joachim." Yapo kwenye nakala yake tu. Mimi ndiye niliyemwomba Bwana Teodor ayaweke, nilitaka anipende. Wewe uliyaona. Uliyaona ukaniandikia kuhusu Achim anavyocheza.

Sasa nitasema, ingawa unajua. Siku ya miaka yake sitini, sisi tukiwa milimani na barua yako ikilowa kwenye sanduku, aliwaonyesha wanawake wa rozari ile filamu. Hakuwa na ubaya. Mwaka mzima walikuwa wanamsema: "Hilda, unamwoza mwanao kwa wale wekundu, makomunisti wasio na Mungu." Akataka kuwaonyesha. Akasimamisha picha kwenye mkono wako, akawaambia, "Haya, angalieni! Mbunge mwekundu kuliko wote, na angalieni mkono unavyotetemeka. Huyo hana Mungu?" Wote wakalia. Mpiga kinanda wa kanisa akaiazima akaionyeshe kwa dada yake. Baada ya hapo hatujui ilipita mikono mingapi.

Nilijua tangu siku tuliyorudi. Aliniambia yeye mwenyewe, kwa furaha, akinikatia keki. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu, bado imelowa. Mjomba, nilikula ile keki.

Halafu ilipotoka gazetini, Achim alipiga magoti jikoni, kwenye rangi mbichi: "Bogna, ni mama yangu. Watu wa pande zote watamla nyama. Nakuomba, nakuomba." Nikanyamaza kwa ajili yake, nisikwambie. Kwanza siku moja, kisha kikao kikapita, kisha nikaona hakuna tena cha kuokoa, basi kunyamaza kukawa rahisi, na hilo ndilo linalonitisha. Nikamwachia Bwana Teodor aibu yangu na nilipomwona sokoni nikavuka barabara.

Jana nimekwenda dukani kwake. Nimemwambia yote. Hakunitukana. Aliniuliza, "Sasa nifanye nini na hiyo habari, bibi?" Nikamwambia amwambie yeyote anayetaka. Akasema hakuna anayeuliza tena, sasa wameshika habari nyingine.

Jioni nikamwambia Mama Hilda mezani, mbele ya Achim, kwamba umepoteza kila kitu kwa ile diski na kwamba ulijua ni yake. Akaweka kijiko chini. Akasema, "Alijua, na hakunitaja?" Nikasema, "Hakututaja hata mmoja." Akasema, "Basi mimi nilisema kweli juu yake," akaanza kulia, na ndipo nikaona kwamba hata sasa haelewi, na hataelewa, na siwezi kumchukia, na siwezi kumweleza. Achim aliosha vyombo vyote, hata vilivyo safi.

Bado nampenda, Mjomba. Nilidhani ningekuwa na furaha kidogo iliyobaki nikuletee, kama mtu anavyoleta keki. Ninayo, lakini kila nikiishika naona imetoka wapi.

Siombi unisamehe. Ungesamehe upesi kama walivyofuta jina lako, na nisingejua nifanye nini nao huo msamaha.

Nimesikia kutoka kwa jirani yako wa ghorofa ya pili kwamba hutoki, unanunua mkate asubuhi kabla watu hawajaamka, na kwamba umemwambia siku ya kura utakaa ndani. Miaka yote ulikwenda kupiga kura shuleni saa tano, saa ambayo watu wanatoka misa, makusudi, ukiwa umevaa tai, ukawasalimia wote, hata wasiojibu. Mimi nilikuwa nakushika mkono.

Jina langu bado liko kwenye daftari la wapiga kura la huko, sijalihamisha. Kwa hiyo nakuja, kabla mwezi haujaisha, Jumapili ya tarehe ishirini na tano, siku ya kura, na basi la saa tatu na robo. Nitakuja peke yangu. Usinijibu nisije, barua yako itanikosa kama zilivyokosana zote. Vaa tai. Tutashuka ngazi saa tano kasorobo, tutapita mbele ya kanisa watu wakitoka, mimi upande wao na wewe upande wa ukuta, na anayetaka kusema lolote ataniambia mimi kwanza.

Bogna